Aliyeikwaruza Aje Aichukue

Mjukuu wa dada yangu ana simu yenye nyimbo nyingi kuliko dagaa wa mwalo wa Kibirizi, na bado sijamwona akisikiliza wimbo mmoja ukafika mwisho. Anaugusa, unaanza, gitaa halijakohoa sawasawa, ameshauruka. Nikamwambia, mwanangu, huko si kusikiliza muziki, huko ni kuonja onja mboga za watu jikoni. Akacheka, akasema, "Bibi, si uandike basi, utufundishe." Nami si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

Basi nawaandikia ninyi mliozaliwa kaseti zikiwa zimeshazikwa. Jina langu ni Mwajuma, lakini mkimuulizia Mwajuma hapa Ujiji mtaletewa wengi, wengine hata hawajui redio inawashiwa wapi. Muulizieni Bibi Sindano. Kwa miaka mingi nilikaa barazani nikitoa muziki kwenye santuri na kuutia kwenye kanda, na nasema bila kuzunguka mbuyu kwamba mkoa mzima wa Kigoma hapakuwa na mtu aliyerekodi kanda safi kunizidi. Waliodai kunizidi walikuwapo. Kanda zao zimeishia mashambani, zimetandazwa juu ya mpunga kutishia ndege.

Sikuanza na muziki. Nilianza na cherehani. Baraza nililoshonea nililigawana na Fundi Kaseke, Muha wa Kasulu, mtengeneza redio, mtu mfupi mwenye maneno machache na kofia isiyovuliwa. Pamoja na redio alikuwa na gramafoni, sanduku la santuri, na kibao kilichosema anarekodi. Watu walileta kaseti tupu, wanachagua albamu, wanarudi jioni kuichukua. Kazi ilikuwa nzuri, ila mkono wa Fundi ulikuwa umeanza kutetemeka. Kila akishusha sindano juu ya santuri ilitua kwa kishindo, na kile kishindo kinaingia kwenye kanda ya mtu. Siku moja akanitazama nikitunga uzi kwenye sindano ya cherehani mara moja tu, bila kulamba uzi. Akasema, "Mwajuma, njoo unishushie hii." Nikaenda na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nikaishusha. Haikusikika kutua. Toka siku hiyo sikushona tena gauni la mtu, labda langu.

Fundi Kaseke hakufundisha kwa maneno mengi. Ukikosea alikuwa anavuta pumzi kwa pua, basi umeelewa. Nilijifunza kwamba santuri huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, na kitambaa lazima kifuate mzunguko wa mistari yake, kamwe kisikate katikati. Karatasi ya kati isiloane. Ikaukie kivulini. Santuri iliyopindwa na jua unailaza kati ya vioo viwili, juu unaweka mfuko wa mchele, kisha unaisahau, kwa sababu ukiichungulia kila saa hainyooki. Kichwa cha redio, pale kanda inapopita ikisoma, kinasafishwa kwa pamba na spiriti kila asubuhi, hata kama unaona ni safi. Na kanda ikishamalizika unavunja vile vijino viwili vya mgongoni, ili mtoto wa mwenye kanda asije akabonyeza kitufe chekundu na kurekodi kukohoa kwake juu ya kazi yako.

Sheria kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza, albamu haikatwi. Mwenye kuipanga aliipanga, wewe si nani wake. Mteja akija anataka wimbo mmoja tu, anaambiwa kwa heshima aende mtaa wa Mwanga kwa wale wanaouza muziki kama nyama, kwa kipande. Ya pili, kanda ikitoka barazani kwetu haina doa. Mkwaruzo wowote Fundi aliujua ulipo. Unasimamisha kanda kabla ya kufika, unanyanyua sindano, unaivusha, unaishusha upande wa pili, unaachia kanda. Ukiwa na mkono kama wangu, msikilizaji hajui kama alivushwa mto.

Si kwamba hatukukosea. Mwanzoni kabisa, waya wa kuunganisha gramafoni na redio ulikuwa umekufa, tukawa tunarekodi kwa kuiweka redio mbele ya spika na kuwaambia watu wanyamaze. Watu walinyamaza. Msikiti haukunyamaza. Kwa hiyo kuna albamu moja nzuri ya dansi ambayo kwa miaka ilichezwa Katubuka ikiwa na adhana ya alasiri katikati ya wimbo wa nne, na baada ya adhana sauti ya mama anauza migebuka, tena anamjibu mtu aliyesema ni ya jana. Wateja hawakulalamika. Mmoja Mkristo kabisa aliniambia kwamba wakifika hapo harusini wanasimama, wanamsubiri mama auze samaki wake, kisha wanaendelea.

Lingine lilikuwa langu. Santuri kubwa huzunguka polepole na ndogo huzunguka haraka, na kuna kiswichi cha kuchagua. Nilisahau kukirudisha. Albamu nzima ya nyimbo za msiba, iliyoimbwa na wazee wa sauti nzito, nikairekodi waimbaji wakiwa na sauti za vifaranga. Mwenyewe akaichukua, wala sikumwona tena kwa wiki kadhaa. Nilipomwona alikuja na rafiki yake, wote wanataka nakala nyingine ya "ile ya kuchekesha". Fundi Kaseke alivuta pumzi kwa pua mpaka nikadhani atazimia.

Sasa niwaambie kuhusu majina. Albamu nyingi zilitoka ng'ambo ya ziwa, majalada yameandikwa Kifaransa, na wateja wangu wengi Kifaransa hawakukijua, wala mimi. Tuliziita kwa picha ya jalada. Mtu anakuja, "Shikamoo Bibi Sindano, naomba ile ya Viatu." Tumeelewana. Hizo albamu bado zipo, mkiwauliza wazee wenu watawaonyesha, na nyingine najua zimeingia humo kwenye simu zenu. Tafuteni ya Viatu, ile yenye jozi ya viatu vyeupe mlangoni. Upande wa kwanza wote ni mume na mke wanagombana, tarumbeta zinamsaidia mke. Upande wa pili wanapatana, tena taratibu, wimbo kwa wimbo, mpaka mwisho wanaimba pamoja. Nilikuwa na mteja kanda yake iliharibika upande wa pili, akabaki na ule wa ugomvi tu. Mke wake alikuja kwangu mwenyewe. "Bibi Sindano, mrekodie mume wangu upande wa pili, nyumba haikaliki." Nikamrekodia. Ndiyo maana nawaambia msiruke. Ukisikia nusu unaweza kumwacha mtu bure.

Tafuteni na ya Meli. Humo waimbaji wanaimba kidogo tu kisha wanawaachia wapiga magitaa, na kijana wa leo akifika hapo anadhani wimbo umeisha. Haujaisha. Ndiyo kwanza umeanza. Kaeni chini, kunyweni chai, sikilizeni gitaa la besi linavyotembea peke yake huku yale mengine yakibishana juu. Msiongee. Mkimaliza upande mmoja, nyamazeni kidogo kabla ya kugeuza. Huo ukimya nao umo kwenye albamu.

Lakini mkisikiliza moja tu maishani, iwe ya Mwavuli. Na hiyo ina habari yake.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa kutoka Kongo, wengine walishuka na ufukwe kutoka Burundi, kwa boti, kwa mitumbwi, kwa miguu. Mji ulijaa. Wengi walipelekwa kwenye kambi, upande wa Kasulu na upande wa Kibondo, na waliobaki kwa ndugu mitaani waliishi kwa roho juu. Walikuja na magodoro, sufuria, picha za harusi. Na hamtaamini, walikuja na santuri. Mtu akikimbia hachagui, mkono ndio unaochagua.

Spesiosa alikuja barazani mchana mmoja wa mvua, ameishika santuri kifuani ndani ya kitenge kama kwamba ni mtoto, na mtoto mwenyewe, Nadini, anatembea kwa miguu yake nyuma akilowa. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, amepata hifadhi kwa mama mmoja Buzebazeba akisubiri kupelekwa kambini.

"Mwiriwe, Dada," akasema. "Wameniambia hapa munatia santuri katika kaseti."

Nikaifungua. Ilikuwa ya Mwavuli. Wanangu, nilikuwa nimeisikia albamu ile mara moja tu, kwenye redio ya mbali, usikivu ukija na kupotea, na tangu hapo nilikuwa naitafuta. Kigoma nzima haikuwepo. Jalada lilikuwa limeraruka kona lakini mwanamke alikuwa bado amesimama pale na mwavuli wake mwekundu kwenye jua kali, anacheka.

Nikaiosha, nikaikausha, nikaishusha sindano. Fundi Kaseke aliacha redio aliyokuwa anaifungua. Sitaieleza, nitaiharibu. Niseme tu kwamba upande wa kwanza ulipokwisha hakuna aliyegeuza santuri mara moja. Upande wa pili, wimbo wa tatu, pale sauti ya pili inapomjibu mwimbaji, sindano ikaruka ikarudi. Mwimbaji akasema neno lile lile. Ikarudi tena. Kisha ikapita.

"Nimeuona," nikamwambia Spesiosa. "Usijali, hapo nitakuvusha, hutajua kama palikuwa na kitu."

"Oya, oya," akasema, akanishika mkono. "Dada, ile fasi inaruka usiitoe. Uiache." Fasi kwao ni mahali.

Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza tena. Ndipo akakaa kwenye kiti cha wateja na kusema yaliyomleta. Mkwaruzo ule aliutia mume wake, Venansi, siku ya harusi yao, kwa kifungulio cha soda, akichezea mezani bila kutazama. Hawakununua nyingine. Waliizoea. Nyumbani kwao wimbo ule waliucheza hatua mbele, hatua mbele, na santuri ikiruka wanarudi nyuma mara mbili pamoja nayo, kisha wanaendelea. Nadini alijifunza kucheza hivyo toka anaanza kusimama. Siku moja wakaenda kwa jirani mwenye albamu ile ile, safi. Ilipopita pale bila kuruka, mtoto akasimama katikati ya sebule ya watu akasema, "Ya kwenu ni mbovu."

Alipofika hapo alicheka, kisha akalia. Walipokuwa wanakimbia, Venansi alimweka yeye na mtoto kwenye boti akarudi kumchukua mama yake. Boti haikusubiri. Toka hapo hakujua kama yu hai. Alikuwa ameuliza kila mahali panapoulizwa. Mtoto alikuwa ameanza kuusahau uso wa baba yake, na picha walikuwa hawana, mkono ulichukua santuri.

"Minataka kaseti," akasema, "ili mtoto asisahau kila kitu."

Nikamrekodia vile alivyotaka, na mkwaruzo wake. Lakini mimi sikuishia hapo, na hili nililifanya kwa akili yangu mwenyewe. Nikamwambia Spesiosa: mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, lakini kanda haiombwi kibali. Kanda zangu zinabebwa na mfanyabiashara wa mawese mpaka masoko ya kambi zote, Kasulu na Kibondo. Zinapigwa saluni, zinapigwa penye chai, zinapigwa mashine ya kusaga. Ya Mwavuli hakuna mtu mwingine aliye nayo. Watu wataigombea. Niachie santuri niirekodi niuze kanda zake kama ilivyo, na mkwaruzo wake, na kama mume wako yuko mahali penye masikio ataijua santuri yake. Yeye akaogopa jina lake lisije likatajwa, nyakati zile mtu hakutangaza jina ovyo. Nikamwambia sitataja la mtu yeyote, akaniachia.

Sisi warekodi tulikuwa na desturi. Kila mmoja alitia sauti yake kidogo mwanzoni mwa kanda, aseme ni kazi ya nani, ili mwingine asiinakili na kusema yake. Yangu ilikuwa, "Hii ni kazi ya Bibi Sindano, barazani kwa Fundi Kaseke, Ujiji." Kwenye ya Mwavuli niliongeza. Wimbo wa tatu ulipoisha, katika kile kimya kabla ya wa nne, nikasogea kwenye kipaza sauti nikasema kwa sauti yangu ya kudai: "Aliyeikwaruza aje aichukue."

Fundi Kaseke alinigombeza kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Mwajuma, unaniharibia jina. Maisha yangu yote hakijatoka hapa kitu chenye doa. Sasa unauza doa, halafu unalitangaza."

"Fundi," nikasema, "doa lile ndilo tunalouza."

"Na wakirudisha?"

"Warudishe. Kizuri chajiuza."

Akavuta pumzi kwa pua. Nikaendelea kurekodi kwa woga, kwa sababu jina lilikuwa lake kweli, mimi nilikaribishwa tu. Jioni nilipogeuka kufunga kazi, nikakuta kanda zote nilizomaliza zimepangwa, na vijino vyote vya mgongoni vimevunjwa, moja baada ya nyingine, kwa mikono yake ile inayotetemeka. Alikuwa hataki mtu yeyote aje aifute ile sauti.

Spesiosa na Nadini wakapelekwa kambini upande wa Kasulu na kanda yao. Sisi tukauza. Na malalamiko yakaja, msidhani hayakuja. "Bibi Sindano, kanda yako inakwama." Nikawajibu haikwami, inarudi. Mrekodi mmoja wa Mwanga alizunguka akisema uzee umenishika mkono. Watoto wa Ujiji wakaifanya mchezo, ukimwangushia mwenzio sahani anakwambia, "Aliyeikwaruza aje aichukue." Nilisikia hata imamu mmoja akiisema kuhusu baiskeli. Lakini kanda zilikwenda. Mfanyabiashara wa mawese kila aliporudi nilimuuliza, "Kuna aliyeuliza?" Na kila mara, "Wanauliza lini utaleta nyingine, Bibi." Masika yakapita, kiangazi kikapita. Nikaanza kuogopa kwamba nimemtia mwenzangu tumaini lisilo na miguu. Fundi Kaseke, mtu wa kutokusema, ndiye aliyeniambia, "Milima haikutani, Mwajuma. Wewe rekodi."

Akaja siku ya soko, asubuhi, mtu mwembamba, koti si lake, amefunga shavu kwa kitambaa. Alikuwa kwenye kambi ya upande wa Kibondo na alipewa kibali cha kuja hospitali Kigoma, kwa jino, na jino lilikuwa kweli linamuuma. Hakwenda hospitali kwanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Unataka ipi?"

Akatazama ukutani, kwenye majalada, mpaka akaliona. Akalionyesha kwa kidole, kidole kikabaki hewani. "Ile ni mimi nimeikwaruza," akasema. "Na kifungulio cha soda. Wewe umesema nije."

Aliisikia kambini kwao, akiwa ananyolewa. Kinyozi aliniambia baadaye, mteja alisimama na nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa akasema rudisha, rudisha nyuma. Swali lake la pili kwangu lilikuwa, "Aliyeleta santuri yuko wapi? Ni mwanamke? Iko na mtoto?" Nikamwambia ni mwanamke, na ana mtoto, na wako salama. Akakaa chini, si kwenye kiti, chini sakafuni, na Fundi Kaseke akaenda kukaa naye pale pale chini na kofia yake. Mama yake hakumpata, na tangu hapo alikuwa peke yake.

Mfanyabiashara wa mawese ndiye aliyepeleka habari Kasulu. Kibali cha Spesiosa hakikuja upesi, vibali havijui haraka, na muda huo Venansi alikaa kwa Fundi, jino likang'olewa, koti likabadilishwa. Kila siku aliniuliza jambo moja. Si kuhusu mkewe, huyo alimjua. "Mama, mtoto atanijua?" Nikamjibu ndiyo, damu nzito kuliko maji. Moyoni sikuwa na hakika hata kidogo. Alikuwa mdogo mno walipotengana.

Walishuka kwenye lori la mizigo, pale barabarani. Spesiosa na mume wake nisiwaeleze, hayo ni yao. Lakini Nadini alipoelekezwa "huyu ni baba yako," akamtazama yule mtu mwembamba, akaingia nyuma ya gauni la mama yake akalishika kwa mikono miwili. Venansi akachuchumaa akamwita. Mtoto akazidi kujificha. Akamwita tena, kwa jina la nyumbani. Hakuja. Nikamwona yule mwanaume uso unamwanguka, aliyevumilia yote yale, hili likawa linamshinda. Na mimi ndiye niliyemwahidi.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikaitoa ya Mwavuli kwenye jalada, nikaigeuza upande wa pili, nikaishusha sindano mwanzo kabisa, wimbo wa kwanza. Albamu haikatwi. Tukakaa wote barazani tukasikiliza wa kwanza wote, na wa pili wote. Mtoto alichungulia kidogo, akarudi nyuma ya gauni. Wa tatu ukaanza. Spesiosa akaanza kuyumba pale alipo, na Venansi akasimama, akaanza naye, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Hatua mbele. Hatua mbele.

Sindano ikaruka. Venansi akarudi nyuma mara mbili, bila kutazama, bila kufikiri, na nyuma ya gauni Nadini naye akarudi mara mbili. Wimbo ukapita. Mtoto akatoka. Akamtazama miguu, kisha akapandisha macho polepole mpaka usoni, akasema, "Mama, huyu anajua fasi inaruka."

Akaenda akamshika mkono. Nililia, sioni haya kuliandika. Fundi Kaseke alisimama akasema anakwenda ndani kutafuta spiriti ya kusafishia kichwa cha redio, na chupa ya spiriti ilikuwa mezani, mbele yake. Mimi sikunyanyua sindano. Niliiacha albamu iende mpaka mwisho.